KARATASI YA CHUO SI BARUA YA KAZI

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya Kidato cha Nne na Kidato cha Sita yanapotangazwa, jambo moja hutendeka katika Kata ya Kitandililo, kama linavyotendeka katika kata nyingine nyingi za Mkoa wa Njombe. Kijana aliyefaulu hupanda pikipiki mpaka Makambako, huingia katika duka la stesheneri lenye kompyuta, humlipa mwenye duka na kumwambia: “Nitafutie chuo.” Mwenye duka huuliza: “Kozi gani?” Kijana hujibu: “Yoyote nitakayopata.” Robo saa haipiti, na jambo la miaka 40 limekwisha kukatwa.

Mkulima wa huku hapandi mti kwa namna hiyo. Anayepanda paina ajua kwamba mti hautatoa mbao nzuri mpaka ipite miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo huuliza mbegu imetoka wapi, hupima nafasi kati ya mche na mche, hulima njia ya kuzuia moto kila kiangazi, na akibanwa na shida hufikiri mara mbili kabla ya kuuza mti mchanga, maana ajua kwamba faida ya mti mchanga huliwa na mnunuzi. Mtu huyo huyo, aliyejinyima miaka yote hiyo, huuza shamba la miti ili mwanawe aende chuo, wala hamwulizi hata mara moja: “Utasomea nini? Ukimaliza utafanya kazi gani, na ni nani atakayekulipa?” Mti umepangiwa, mtoto hakupangiwa. Tunasema wazi kwamba hili ni kosa, nalo latugharimu sana.

ZAMANI ALIPANGA MWINGINE

Kosa hili halikutoka katika uvivu. Lina asili yake, na yafaa tuijue.

Mwezi wa Oktoba 1961, chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Nchi nzima ilikuwa na njaa ya waganga, wahandisi na walimu wa sekondari. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru Serikali ilihesabu kazi zote zenye kuhitaji elimu kubwa, ikahesabu na watu waliokuwapo, kisha ikaamua ni wangapi wasomee nini. Tangu mwaka 1964 mwanafunzi aliyesomeshwa na Serikali alitakiwa kuahidi kwamba akimaliza ataitumikia nchi kwa miaka mitano. Kijana hakuitafuta kazi; kazi ndiyo iliyomtafuta yeye, na barua ya kupangiwa kituo ilimfuata hata kabla hajauza godoro lake la chuoni.

Mapatano hayo yalikuwa na ukali wake. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 kati yao walirudishwa makwao. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka anayemaliza Kidato cha Sita afanye kazi kwanza ndipo aende Chuo Kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye, lakini lilikuwa na jambo moja jema: kijana aliiona kazi kwa macho yake kabla ya kuisomea.

Mpango ule ulikufa Serikali ilipoanza kupunguza waajiriwa wake, miaka ya mwisho ya 1980 na ya kwanza ya 1990. Mpango umekufa, lakini mazoea yake hayajafa. Mzazi anayemwona mwanawe amevaa joho bado anaingoja ile barua. Kijana naye anaingoja. Miaka miwili hupita, mitatu hupita, na barua haiji, kwa kuwa hakuna ofisi inayoiandika. Karatasi ya chuo yasema umesoma. Haisemi utaajiriwa.

TUSIRUDI KUWA MANAMBA

Wazee wa Njombe hawana haja ya kuambiwa manamba ni nini. Wakati wa ukoloni wilaya hii ilikuwa ghala la watu wa mashamba ya mkonge. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chama chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na magari yake yaliwachukua vijana wa nyanda hizi mpaka Tanga na Morogoro. Kijana alipewa namba na kipande. Kipande kilipotimia siku 30 za kazi ndipo alipolipwa. Hakuchagua shamba, hakujua ujira wa jirani, hakujua atarudi lini. Wengine hawakurudi kabisa.

Leo hakuna anayemsomba kijana wa Kitandililo kwa gari la mkonge. Walakini tuutazame mwendo wake. Ana namba ya mtihani. Namba hiyo inaingizwa katika kompyuta na mtu asiyemjua. Kompyuta inarudisha jina la kozi ambayo hakuwahi kuona mtu akiifanya, katika mji ambao hakuwahi kuufikia, kwa ada ambayo baba yake hakuipigia hesabu. Naye anakwenda. Tofauti yake na yule wa 1944 ni kwamba yule alilipwa, huyu analipa.

Na dada yake je? Akikosa pointi za kwenda mbele, mara nyingi neno la kwanza linalosemwa nyumbani ni kwamba atafutiwe kazi ya ndani mjini. Huyo hata namba hakupewa. Yeyote anayesema juu ya kuwapangia vijana kazi na akamwacha msichana huyo nje ya hesabu, amepanga nusu ya nyumba.

HALI ILIVYO SASA

Tuseme mambo yalivyo, kwa kuwa kumficha kijana ukweli si kumpenda. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili. Ualimu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kazi ya uhakika kwa mtoto wa mkulima, nao umebadilika: mwaka 2025 walimu waliokwisha kuhitimu waliitwa kwenye usaili kushindania nafasi, na waliokosa walikuwa wengi kuliko waliopata.

Zaidi ya hayo, kazi nyingi zina mlango wa pili nyuma ya mlango wa chuo, na wengi wetu hatuujui. Mwenye shahada ya sheria hawi wakili mpaka apite katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kufundisha mwaka 2008, nayo ina ada yake. Mhasibu asiyefanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hubaki karani mwenye digrii. Mhandisi yampasa asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Daktari ana mwaka wa utarajali hospitalini baada ya miaka mitano ya masomo. Mzazi aliyeuza miti ya kutosha miaka mitatu agundua katika mwaka wa nne kwamba safari haijafika. Laiti angeambiwa mapema angeigawa miti yake.

Tena kuna deni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafikisha chuoni watoto wengi wa wakulima ambao bila yake wasingefika, nasi twaisifu kwa hilo. Mwaka 2021 Serikali iliondoa nyongeza ya asilimia 6 iliyokuwa ikiuvimbisha mkopo. Lakini mkopo ni mkopo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa shilingi 105,000. Asiyeajiriwa deni lake halifutiki, lamngoja. Je, ni haki kijana wa miaka 19 kutia sahihi deni kama hilo kwa kozi aliyoichagua kwa robo saa?

NANI WA KUMSHAURI?

Mtoto wa karani mjini hupata shauri mezani akila chakula cha jioni. Mjomba wake ni mhandisi, shangazi yake ni muuguzi, jirani yao ni hakimu. Mtoto wa Kitandililo anawajua mwalimu, mganga wa zahanati, mchungaji au padri, na mtendaji wa kijiji. Kazi nyingine zote ni majina tu.

Na Njombe ina jeraha lake. Uchunguzi wa mwaka 2016–17 ulionyesha kwamba katika mkoa huu watu wazima 11 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote wa Bara. Kwa ajili ya msiba huo watoto wengi wa mkoa huu wamelelewa na bibi na babu. Bibi amefanya kazi ya sifa kubwa: amelima, amelisha, amesomesha. Lakini hatuwezi kumtaka bibi ambaye hakukanyaga darasa la saba aeleze tofauti ya stashahada na shahada, au kwa nini mjukuu asiache Fizikia. Kazi hiyo ni yetu sisi tulio hai na tuliosoma, na tukiikwepa tutaulizwa.

Maana lango la chuo halifungwi chuoni. Hufungwa shuleni, kimya kimya, mtoto anapoacha Fizikia na Kemia akiingia Kidato cha Tatu kwa sababu marafiki zake wameacha. Siku hiyo ameuacha udaktari, uhandisi na ufundi wa maabara, na hakuna aliyemwambia. Hesabu ndiyo ngumu kuliko yote: katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, karibu watahiniwa watatu katika kila wanne walishindwa somo hilo. Anayengoja kupanga kazi yake akiwa mwaka wa mwisho wa chuo amechelewa kwa miaka mingi.

MAJIBU KWA WAPINZANI

Wako wasemao: “Kupanga ni mambo ya matajiri. Maskini huchukua anachopata.” Hayo ni maneno ya kugeuza. Tajiri akikosea kozi humnunulia mwanawe nyingine. Maskini ana mbegu moja. Ndiye anayepaswa kuchagua shimo la kuipanda.

Wako wasemao: “Kazi siku hizi ni kujuana.” Hatukatai kwamba upendeleo upo, na popote ulipo ni adui wa kufichuliwa. Lakini kijana aliyefanya mafunzo ya vitendo kwa bidii, akaonekana na fundi mkuu au mhasibu mkuu kwamba anaweza, naye amejuana. Huko ndiko kujuana kusikoleta aibu. Wengi wetu likizo hizo huzipoteza: kijana huomba nafasi katika ofisi iliyo karibu na nyumba ya ndugu yake, hupeleka chai na kupiga chapa barua, kisha hugongewa mhuri na kuondoka. Wiki nane za kuonyesha uwezo zimekwenda hivyo.

Wako pia wakubwa wasemao: “Vijana wajiajiri.” Neno hili ni zuri likisemwa pamoja na ardhi, mtaji na ujuzi. Likisemwa peke yake ni kumfukuza mtu mlangoni kwa adabu. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kusafisha utaratibu wake, ikarudishwa mwaka 2024. Anayewaambia vijana wajiajiri awaambie kwanza fomu za mkopo huo ziko dirisha gani, na ni vikundi vingapi vya kata hii vimeupata.

TUFANYE NINI

Kwa mwanafunzi twasema hivi. Kabla ya kuuliza jina la chuo, uliza kazi. Mtafute mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, umwulize asubuhi yake huanza saa ngapi, alisoma wapi, alikaa muda gani bila kazi, bodi gani ilimsajili, na kama angeanza upya angechagua nini. Ukikosa mtu watatu wa kuwauliza, hiyo nayo ni habari. Andika katika daftari njia mbili, si moja: njia unayoitaka, na njia utakayoishika ile ya kwanza ikiziba. Tena usidharau ngazi ya chini. Anayeanza na cheti akapanda stashahada kisha shahada hufika akiwa na mikono inayojua kazi. Fundi aliyehitimu VETA na ambaye magari yanamngoja si mdogo kuliko mwenye digrii anayeyangoja magari apande.

Tena fungua macho uone kilichopo mbele yako. Makambako si kijiji cha pembeni. Ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Zambia, ndipo TAZARA ina stesheni, ndipo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala ya kanda, ndipo ulipoanzia umeme mkubwa wa kwenda Songea uliozinduliwa mwaka 2019. Ghala la mahindi linahitaji ajuaye sumukuvu na wadudu. Lori la kisasa linahitaji fundi wa umeme wa magari. Mbao zinahitaji ajuaye kukausha na kupanga madaraja, na Mafinga, barabara hiyo hiyo, kuna kituo cha kufundishia kazi za misitu na mbao. Parachichi, ambalo China ililifungulia soko lake mwaka 2022, linahitaji mkaguzi wa afya ya mimea, fundi wa mashine za ubaridi na mwandishi wa hesabu asiyeiba. Hatusemi kila mtoto wa Kitandililo abaki Kitandililo. Akitaka kuwa rubani na awe rubani. Twasema asiipite kazi iliyo mlangoni kwa sababu tu haina tai.

Wala usipange maisha juu ya tangazo. Chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, kule Ludewa, yametangazwa mara nyingi. Mkataba mkubwa wa 2011 ulisainiwa, na miaka mingi ikapita migodi haijafunguliwa. Aliyesomea madini kwa kungojea Liganga peke yake alihitaji ile njia ya pili.

Kwa mzazi na mlezi twasema: siku unayouza miti, kaeni kikao. Hesabuni ada ya miaka yote, chakula, chumba, nauli, bodi na mwaka mmoja wa kutafuta kazi. Usimlazimishe mtoto kuwa daktari kwa sababu ya sifa ya ukoo, wala usimkatalie binti ufundi kwa sababu ya sifa hiyo hiyo.

Kwa Kata twatoa shauri lisilohitaji fedha. Kila mwaka mwezi wa Desemba wenyeji waliotawanyika kwa kazi hurudi nyumbani kwa Krismasi. Wanakuja na magari, wanakula, wanasalimiana, wanarudi. Mwezi huo huo watoto waliomaliza Kidato cha Nne wamekaa wanangoja matokeo. Basi ofisi ya kata, shule na makanisa waite mkutano mmoja wa nusu siku kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Muuguzi aseme kazi yake, dereva wa lori aseme yake, karani wa benki, fundi, askari, mhandisi. Waseme na mshahara, waseme na machungu. Kila mmoja achukue vijana wawili, awapokee simu zao mwaka mzima. Nusu siku hiyo itashinda robo saa ya stesheneri.

Kwa Serikali twadai jambo moja. Reli ya TAZARA ilipokuwa bado inajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walikwisha pelekwa Beijing kusomea kazi za reli, ili chuma kikilazwa mtu awepo. Huko ndiko kupanga. Siku hizi mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, nasi tunaupokea. Lakini mwenye kuchagua anahitaji hesabu. Serikali na itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili na wilaya kwa wilaya: kazi gani zina upungufu wa watu, na kozi gani zimetoa wahitimu wengi kuliko nafasi. Kila chuo nacho kitangaze, katika kila wahitimu wake 100, ni wangapi wanafanya kazi waliyoisomea baada ya miaka miwili. Anayeuza mbegu hutakiwa kuonyesha kwamba inaota. Anayeuza kozi naye aonyeshe.

Muda wa kuanza ni sasa, siyo baada ya joho. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayesoma maneno haya, au anayesomewa, na amwulize mwalimu wake kesho asubuhi ni kazi zipi zitakazofungwa akiacha Fizikia. Mwalimu asipojua, na wakaulize wote wawili.